Jogoo Mweupe Hakufika Madhabahuni

Bwana Yesu asifiwe, akina mama wenzangu wa kwaya. Tangu nirudi hamjanipa nafasi ya kupumua. Mmoja ananisimamisha bombani ndoo ikiwa kichwani, mwingine ananivuta kanga katikati ya mazoezi: "Mama Yona, uliondoka na jogoo, umerudi unanukia asali, ilikuwaje huko?" Nikianza kusimulia mnanikatiza, nikinyamaza mnanuna. Basi nimekaa chini nimeandika. Someni kwa zamu, na msininong'oneze tena wakati mwalimu anatafuta sauti.

Kwa kuwa najua mtawapa na majirani wasome, nianze na yale ambayo ninyi mnayajua. Mwanangu Yona alikuwa utingo wa lori la mahindi. Mwaka jana lori hilo lilipinduka porini, kati ya Mwamagembe na Rungwa, huko mwisho kabisa wa mkoa wetu wa Singida. Dereva wake, kijana aitwaye Festo, alitoka mzima akakimbia, akamwacha mwanangu amebanwa mguu chini ya chuma, analia peke yake. Aliyemtoa ni mrina asali wa kule, Baba Kulwa, mtu asiyetujua kwa baba wala kwa mama. Alimfunga mguu kwa shuka lake mwenyewe, akampakia kwenye baiskeli, akamsukuma mpaka zahanati. Leo Yona anatembea na gongo moja, anatengeneza simu hapa Mandewa, na juzi alinuna kwa sababu chai haikuwa na sukari ya kutosha. Mtu anayenunia sukari ni mzima, jamani. Mungu apewe sifa!

Siku aliyolitupa gongo la pili nilisimama kanisani mbele yenu nikasema Mungu huyu sitamshukuru kwa mbali. Nitakwenda mpaka kule kule rehema iliponikuta, nimshike mkono Baba Kulwa, kisha nisimame katika kanisa la kule nitoe sadaka yangu ya shukrani. Hayo niliyasema kanisani. Jikoni nilisema na jingine, na baadhi yenu mlilisikia: Mungu anikutanishe na Baba Kulwa, lakini aniepushe na yule Festo, maana nikimtia machoni nitasahau kwamba mimi ni mama wa kwaya.

Kutoka Mandewa hadi Mkiwa

Habari za kupanga safari naziruka, zinachosha. Jueni tu kwamba mchungaji wa Rungwa alinikaribisha kwenye Jumapili yao ya mavuno, na kama ningechelewa hapo, basi shukrani yangu ingengoja mwaka mzima.

Nilikuwa na mizigo miwili ya maana. Wa kwanza ni jogoo wa madhabahuni. Nilimchagua mwenyewe, mweupe pepepe, hana hata unyoya mmoja wa rangi nyingine, kwa sababu kitu cha Mungu hakiwi na doa. Wa pili ni kapu lenye kuku wawili wa kukaanga kwa ajili ya nyumba ya Baba Kulwa. Hao Yona alitaka awachinje yeye mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, gongo limelala pembeni, akashika kisu. Akasema, "Mama, mwambie nimewachinja kwa mkono wangu, mkono ambao bila yeye ungekuwa udongo." Nililia mpaka mafuta yakaungua kidogo.

Kwenye basi kondakta aliutazama mzigo wangu, jogoo naye akamtazama.

"Mama, huyu anasafiri kama abiria au kama mzigo?"

"Anasafiri kama sadaka," nikamwambia. "Mweke mahali pa heshima."

Mahali pa heshima palikuwa chini ya miguu yangu. Tulipofika Ikungi akawika. Abiria wote wakacheka, kijana mmoja aliyeziba masikio yake kwa spika za simu akazichomoa akidhani ni simu yake inaita. Mimi nilikuwa na furaha kama msichana anayekwenda bwenini mara ya kwanza. Kila kijiji nilikisalimu kimoyomoyo: Ikungi, asante; Issuna, asante. Nilitamani kuwaambia watu wote ninakwenda kufanya nini.

Mkiwa basi likanishusha kwenye njia panda likaendelea zake na safari ya Dodoma. Pale ndipo nilipokaa. Upepo wa Mkiwa mnaujua, unataka kukuvua kitenge mchana kweupe. Nilingoja gari la Itigi mpaka mama muuza mahindi ya kuchemsha akawa ameshajua majina ya wanangu wote na mimi ya wanawe. Alimtazama jogoo, akamtazama na mimi, akanipa hindi jingine bure.

"Pole sana mama," alisema kwa sauti ya chini. "Yatakwisha tu."

Nikasema asante, nikashangaa kidogo. Nilidhani labda Yona alikuwa na rafiki hapo Mkiwa aliyeeneza habari za ajali.

Itigi

Nilipata gari lililobeba magunia ya alizeti, dereva akanipa nafasi mbele. Itigi tukaingia jua likielekea kuzama, treni ikipiga honi stesheni. Nyumba ya wageni niliyoiendea ilikuwa safi, na binti wa mapokezi alikuwa na adabu, "Shikamoo mama" yake imeshiba.

"Marahaba mwanangu. Nataka chumba, na jogoo wangu alale ndani."

Binti akamwona jogoo. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa msibani.

"Mlaze tu ndani mama. Wengi wanapita hapa na wa aina hiyo. Pole. Utapona."

"Mimi siumwi."

"Ndiyo mama," akajibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa asiyekubali ugonjwa wake.

Hata hapo sikuelewa! Nilikula ugali wa uwele na mlenda uliovutika vizuri, nikamsifu mpishi, nikalala. Alfajiri jogoo aliamsha nyumba nzima. Mzee mmoja alitoka na taulo kiunoni akiwa na hasira, alipomwona jogoo mweupe mlangoni kwangu akashusha sauti, akanipa pole, akarudi ndani. Nikasema moyoni, watu wa Itigi hawa wamejaliwa utu. Kila mtu anampa pole mgeni.

Porini, baada ya Mitundu

Basi la Rungwa lilikuwa limejaa vumbi hata kabla ya kuondoka. Niliketi na bibi mmoja wa Kinyamwezi, Bibi Nyamizi, aliyekuwa akirudi kwake Mwamagembe. Tukaiacha Itigi, tukapita vichaka vilivyoshonana, vikaanza miti mirefu, na mbung'o wakaingia. Mdudu yule hana mchezo, anakuuma juu ya kitenge na bado unasikia. Kondakta akapiga kelele tufunge madirisha. Tukafunga, tukaanza kuiva.

Tulipoipita Mitundu springi ikakatika. Tukashuka. Dereva akaingia chini ya gari, tukaiona miguu yake tu kwa muda mrefu sana. Mnanijua, mimi subira yangu ni fupi. Nilizunguka basi lile, nikamwuliza dereva kama amelala huko chini, nikamwambia kesho ni Jumapili na mimi nina miadi na Mungu. Bibi Nyamizi akanivuta kitenge, akanikalisha kivulini, akafungua fundo lake la michembe, vile viazi vitamu vikavu, na karanga.

"Kula mwanangu. Gari haliponi kwa kelele. Kwani unakwenda kwa nani?"

Nikaona hapa sasa nimepata masikio. "Bibi, nakwenda kwa yule aliyemwokoa mwanangu na kifo."

"Aa, yule! Nasikia ana nguvu kweli."

"Ana nguvu bibi, na huruma pia. Hakututoza hata senti."

Bibi akaacha kutafuna. "Hatozi? Hata jogoo mweupe hakuagiza?"

"Hakuagiza. Nimemleta kwa moyo wangu."

"Basi huyo si wa kawaida," bibi akasema, akageukia wengine akawasimulia kwa Kinyamwezi, nikaona vichwa vinatikiswa kwa heshima. Mimi nikazidi kuchangamka, nikajua jina la Baba Kulwa limesambaa pori zima.

Springi ikafungwa kwa mpira, tukaondoka. Tulikwenda kitambo, basi likasimama mahali pasipo nyumba, penye kijinjia kinachoingia msituni. Kondakta akanifuata akiwa na sura ya upole.

"Mama wa jogoo, umefika. Wateja wake wote wanashukia hapa. Fuata njia hiyo, usigeuke nyuma."

"Wateja wa nani?"

"Wa mganga, mama."

Jamani! Ndipo macho yalinifunguka. Hindi la bure la Mkiwa, pole za yule binti, mzee wa taulo! Mwanamke mzima, peke yake, safari ndefu kwenda porini, na jogoo mweupe asiye na doa mkononi. Ni nani huku kwetu ambaye asingejua anakokwenda? Hata mimi ningempa pole.

"Mimi?" nikapiga kelele. "Mimi mwimbaji sauti ya pili? Huyu jogoo anakwenda kanisani!"

Kondakta akainua mikono. Nikaona kwamba maneno hayatanisafisha, nikasimama katikati ya basi nikaanzisha wimbo wa sifa, ule tuliouimba Pasaka. Ubeti wa kwanza niliimba peke yangu kwa hasira. Wa pili akinamama wawili wa nyuma wakaingia, na kufika kiitikio basi zima lilikuwa linaimba, dereva akipiga honi mahali pa ngoma, na Bibi Nyamizi akicheka mpaka anafuta machozi.

"Kumbe safari yote hii ni ya kusema asante?" akaniuliza nilipokaa. "Siku hizi si watu wanatuma kwa simu?"

"Mambo aliyonitendea Mungu hayaenei kwenye simu, bibi."

"Kweli," akasema. Aliposhuka Mwamagembe alimpapasa jogoo kichwani akamtakia safari njema.

Rungwa, kwa Baba Kulwa

Nilishuka Rungwa Jumamosi, mchana umekwisha kupinda, nimegeuka rangi ya vumbi. Baba Kulwa mwenyewe alikuwa amenisubiri kituoni. Nilikuwa nimejichorea jitu lenye mabega. Nikakuta mtu mfupi, mwembamba, ananukia moshi wa kurinia asali, kofia ya kushona kwa mkono kichwani. Nilitaka kupiga magoti pale pale barabarani. Akaniwahi mikono.

"Usinipigie magoti dada yangu. Tenda wema uende zako, ndivyo tulivyolelewa. Yona anakanyaga?"

"Anakanyaga!"

"Alhamdulillahi," akasema, akafumba macho.

Furaha ilinijaa kiasi kwamba neno hilo lilinipita sikioni bila kuacha kitu. Tukaenda kwake. Mama Kulwa alinipokea kwa vigelegele, akatandika mkeka, akamwita kijana aliyekuwa akichonga mzinga uani atuletee maji. Kijana akaja na jagi na beseni, akainama, akaninawisha bila kuinua uso. Nilimwambia, "Ubarikiwe baba," naye akajibu amina kwa sauti isiyosikika vizuri.

Hapo nikafungua kapu langu. Harufu ya kuku ikatoka. Nikatoa hotuba niliyoifanyia mazoezi tangu Mandewa, jinsi Yona alivyoketi kwenye kigoda, jinsi alivyoshika kisu. Nikamaliza. Mama Kulwa akamtazama mumewe, mumewe akaitazama kofia yake aliyoivua akaiweka gotini.

"Amechinja Yona mwenyewe?" akauliza taratibu.

"Yeye mwenyewe, kwa mkono wake!"

"Mungu amzidishie," akasema. "Dada, mimi jina langu ni Ramadhani."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sisi Wasingida, tunaoishi na Waislamu ukuta kwa ukuta, ambao hata harusini tunamtafuta Mwislamu achinje ili kila mgeni ale, mimi nimesafirisha nyama asiyoweza kuigusa, kuvuka mkoa mzima! Kwa kuwa alimtendea mwanangu kama Msamaria, sikuwahi hata kuuliza anaswali wapi. Nikaanza kuomba radhi mpaka nikagugumiza. Baba Kulwa akaisogeza sahani puani, akavuta harufu, akasema, "Mwambie Yona nimekula kwa pua na nimeshiba," na wote tukaangua kicheko. Kuku wale wakapelekwa kwa mchungaji, jirani yao, ambaye nasikia hakuwachelewesha.

Lakini nisingeweza kulala katika nyumba ile bila mwenyewe kula kilichotoka mkononi mwangu. Nikamshika jogoo mweupe, nikamkabidhi Baba Kulwa.

"Huyo si wa Mungu?" akakataa.

"Mungu atanielewa. Mchinje."

Akamchinja kwa desturi yake. Mama Kulwa akampika na karanga, tukakaa kula, jua bado lipo. Baba Kulwa, kwa kunipa heshima, akaniwekea firigisi. Mnajua kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba au mgeni mwanamume wa heshima, bibi zetu hawakuthubutu kuigusa, nami mpaka uzee huu sijaizoea. Nikatafuta wa kumpa. Yule kijana aliyetunawisha alikuwa amekaa mbali, pembeni ya mkeka, anakula kama anayeogopa kusikika. Nikamwonea huruma. Nikamwekea firigisi kwenye sahani yake.

"Kula wewe. Mkono uliomnawisha mgeni ndio unaostahili."

Kijana akaitazama ile firigisi. Akairudisha kwenye sahani yangu kwa mikono miwili.

"Mama, usinipe mimi," akasema. "Mimi ndiye Festo."

Juu ya kichuguu

Nilinyanyuka. Nilivaa kandambili zangu nikatoka uani. Nilitaka kumrukia, nawaambieni ukweli, na mkono wangu ulikuwa tayari. Kilichonitoa nje ni aibu tu ya kupigana juu ya mkeka wa watu.

Rungwa ukitaka mtandao unapanda kichuguu kilichopo nyuma ya uwanja wa shule. Nikakipanda na kitenge changu, watoto wakinitazama, nikampigia Yona.

"Mwanangu, niko kwa Baba Kulwa. Festo yuko hapa. Anaishi hapa hapa, anakula hapa!"

Nikasikia upepo. Kisha sauti ya Yona: "Festo? Kumbe yu hai?"

Na simu ikakatika. Nikaiinua juu, nikaigeuza huku na huku, hakuna kitu. Yu hai. Alisema kwa furaha au kwa uchungu? Mimi mama yake nikashindwa kujua.

Mama Kulwa alinifuata, akaketi chini ya kichuguu akanisubiri nishuke. Hakunibembeleza. Alinieleza tu. Festo alizunguka porini kwa hofu, warina asali wakamkuta amevimba kwa mbung'o, hajui mashariki wala magharibi. Baba Kulwa akamleta nyumbani, akamwuguza. Alipopata nguvu alikwenda polisi mwenyewe, mambo ya sheria yakaisha huko, lakini kurudi kwao aliona haya, akarudi hapo kuchonga mizinga.

"Mimi nilikataa," Mama Kulwa akasema. "Nilimwambia mume wangu, huyu si ndiye aliyemkimbia mwenzake? Akasema, ndiye. Akasema, na yeye ametoka kwenye lori lile lile, na yeye anaumwa. Nikamtandikia mkeka."

"Anasali?"

"Kila Jumapili yuko kanisani kwenu. Anakaa benchi la mlangoni. Wakiitwa watu mbele, yeye haendi."

Nilikuwa nimekuja na shukrani iliyokamilika, nimeifunga vizuri kama kapu langu, na sasa naona imepasuka chini. Nilimwambia Mungu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwuliza kwa nini hakuniepusha, nilimwomba jambo dogo tu. Usiku ule nililala na Mama Kulwa chumba kimoja, na hata usingizi nao ulikuwa umeninunia.

Jumapili ya mavuno

Asubuhi Baba Kulwa aliniletea dumu la asali, zito, limefungwa kwa jani na kamba.

"Jogoo wako tumemla. Huwezi kwenda kwa Mungu wako mikono mitupu kwa sababu ya tumbo langu."

Akavaa kanzu yake akaja nasi. Aliketi nyuma, kofia gotini, wazee wa kanisa wakamsalimu kama mtu wa nyumbani. Kanisa lenyewe ni dogo, la bati, lakini jamani, mngesikia ngoma ile! Mahindi, maboga, karanga, mbuzi mmoja amefungwa dirishani anaitikia kila "haleluya". Nilijikuta nacheza pamoja na uchovu wangu wote. Huwezi kukaa ukiwa umenuna mahali kama pale, miguu inakusaliti.

Kisha mchungaji akasema kuna mama ametoka Singida mjini ana shukrani ya pekee. Watu wakashangilia. Mnajua utaratibu, hakuna anayepeleka shukrani peke yake, ndugu zako na marafiki wanainuka kukusindikiza mpaka madhabahuni. Mimi sikuwa na ndugu pale. Nilijitwika dumu langu nikasimama mlangoni tayari kwenda peke yangu.

"Nani atamsindikiza mama?" mchungaji akauliza.

Kanisa zima likainuka! Wote, na watoto, na Baba Kulwa na kanzu yake. Wakapanga mistari, ngoma ikaanza, vigelegele. Nikaanza kwenda mbele kwa madaha, nikifikiri laiti mngeniona.

Nikageuza shingo kidogo kuwatazama wanaonifuata. Mabenchi yote yalikuwa matupu isipokuwa benchi la mlangoni. Festo alikuwa amekaa, ameinamia magoti yake.

Miguu ikagoma. Sikuiamuru, ilisimama. Watu wa nyuma wakanigonga, ngoma ikayumba. Dumu lilikuwa linanikandamiza utosi, nami nikawa nawaza haraka haraka. Rehema niliyoijia kuishukuru sikuitafuta wala kuifanyia kazi. Mtu asiyenijua alimwinamia mwanangu, bila kuuliza ni wa nani, anasali wapi, amekosa nini. Niliipokea kwa mikono miwili. Sasa nataka kwenda kumwambia Mungu asante, nikimwacha mtu mlangoni? Hasira bado nilikuwa nayo, msidhani iliyeyuka. Ilikuwepo, ya moto, na nilirudi nyuma nikiwa nayo hivyo hivyo.

Watu wakanipisha. Nikasimama mbele ya lile benchi.

"Inuka unisindikize."

Akatikisa kichwa. "Mama, mimi sistahili kwenda pale."

"Kwani mimi nani kakwambia nastahili? Inuka, nipokee dumu, linanivunja shingo."

Aliinua uso, na hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Ni mtoto tu, rika la Yona. Akasimama, akanipokea dumu, akaliweka begani mwake. Tukaenda. Ngoma ikarudi kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia, Mama Kulwa, ambaye hajawahi kuingia kanisani, akipiga vigelegele kutoka dirishani kwa mbuzi.

Mbele mchungaji aliuliza nimekuja kushukuru kwa ajili ya nini. Hotuba yangu yote ilikuwa imepotea. Nikasema kuna lori lilipinduka katika pori hili, na Mungu akamtoa mtu akiwa hai.

Nikageuka. Festo alikuwa amesimama kando yangu na asali begani.

"Samahani mchungaji," nikasema. "Ninarekebisha. Aliwatoa wawili."